Fundi Anayekwangua

Trekta kuukuu likitoka gereji jekundu na lenye kung'aa, sifa zote humwendea aliyepiga rangi. Mwenye mali analizunguka akipiga picha kwa simu, watoto wanagusa madigadi kwa ncha ya kidole, wazee wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna anayemuuliza habari yule kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, aliyelipokea bati lile likiwa na magamba ya rangi tatu nne na kulivua tabaka baada ya tabaka. Kazi yake ikikamilika haionekani tena, kwa sababu imefunikwa. Nami naiona ndiyo ngumu kuliko zote gerejini, na ndiyo inayoamua kama rangi mpya itakaa miaka kumi au itaanza kuvimba msimu wa pili wa mvua.

Chiola, katika ukanda huu wa Nachingwea na Ruangwa, hatuna vile vitrekta vya kukatia nyasi ambavyo wazungu wa Ulaya na Marekani huvitunza nyumbani na kuvipaka rangi upya siku za mapumziko. Tulicho nacho ni trekta kubwa lililozeeka kazini, mara nyingi Massey Ferguson au Ford, na pawatila ya magurudumu mawili inayolima asubuhi na jioni ikavuta tela la magunia. Kalenda ya mashamba ndiyo inayopanga kazi ya fundi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mei na Juni watu wako kwenye ufuta, kisha mikorosho inapigwa salfa, na Oktoba korosho zinaanza kuanguka. Katikati ya hapo jembe la trekta limelala, hewa ni kavu, na umande ni mchache. Fundi mwenye akili hupokea bodi za matrekta kipindi hicho tu. Ukimletea Februari atakwambia rudi nayo, kwa kuwa rangi iliyopulizwa hewa ikiwa nzito kwa unyevu hupauka na kushika ukungu mweupe hata kabla haijakauka.

Nchi hii imewahi kuona mashine zilizoletwa kwa pupa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga wakiwa na shabaha ya ekari 3,210,000, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mapya hayakutosha, wakanunua mabuldoza chakavu yaliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers na kuletwa Tanganyika kung'oa visiki. Mashine zilizotoka vitani zilikwenda porini bila kuchunguzwa sawasawa chini ya rangi na matope kuna nini, na nyingi ziliharibika mapema. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Zikabaki bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, nayo reli haikudumu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa. Nayataja haya kwa sababu ya chuma. Mzee wa Nachingwea aliyeona vyuma vile vikioza anajua bila kufundishwa kwamba kutu haingoji mtu, na kwamba rangi juu ya kutu ni pazia tu.

Fundi mzuri haanzi na msasa. Anaanza na maji, sabuni ya unga, brashi na dizeli kidogo kwa sehemu zilizoganda grisi. Hapa ndipo mwanafunzi asiye na subira anapojulikana, maana ataona kuosha ni kazi ya deiwaka na kukimbilia kukwangua. Lakini msasa ukipita juu ya grisi hauiondoi, unaisambaza na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, na grisi ile itangoja kimya mpaka siku ya rangi. Siku hiyo rangi itakataa kushika, itajikunja na kuacha vijishimo vya duara hapa na pale, na hakuna dawa ila kuanza upya. Kwa hiyo anaosha, anasuuza, anafuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheusi anarudia.

Kisha anafungua vitu. Boneti inatoka, grili inatoka, taa, madigadi, tanki. Kila kundi la bolti linaingia kopo lake, na makopo yanapangwa ukutani kwa utaratibu ambao yeye pekee anauelewa. Matundu ya hewa na ya moshi anayaziba kwa matambara na kuyafunga kwa nailoni, maana vumbi la msasa likiingia kwenye injini litasaga pistoni na silinda taratibu na kwa uhakika. Kile kibao kidogo cha namba ya trekta, kilichogongewa ribiti kiwandani, anakipaka grisi na kukifunika kwa karatasi ya gundi. Namba ile ndiyo kitambulisho cha chuma kizima. Nimeona matrekta ambayo vibao vyake vilikwanguliwa mpaka vikawa vitupu, au vikapakwa rangi juu kwa kopo lilelile la boneti, na wenyewe wakahangaika baadaye dukani kuagiza vipuri bila kujua waagize vya toleo gani.

Baada ya hapo zinakuja stika, na hapa ningekuomba usogeze kigoda.

Stika ya trekta ni jina, ni namba ya aina, na wakati mwingine ni mstari mrefu mweupe unaopita ubavuni mwa boneti. Ikikaa juani miaka ishirini inakauka, inapasuka vipande vidogo, na gundi yake inageuka utomvu mgumu. Kabla ya kuigusa, fundi anaipiga picha na kuipima: kutoka ukingo wa juu wa bati mpaka herufi ya kwanza ni sentimita ngapi, mstari umeinama kiasi gani, upande wa kushoto unalingana na wa kulia au kiwandani waliuweka mbele kidogo. Wengine hubandika karatasi nyepesi juu yake na kuchora umbo lote kwa penseli. Karatasi ile ndiyo itakayompa mchora herufi, au duka la kukatia stika, umbo sahihi. Asiyepima atabandika stika mpya palipo karibu, na trekta litakuwa na uso wa mtu aliyevaa kofia upande. Wapita njia hawatajua kasoro iko wapi, lakini wataiona.

Kuitoa kwenyewe kunategemea joto. Jua la saa sita la Agosti linatosha kwa stika ambayo bado ni nzima: bati likiwa limepata moto, gundi inalegea. Kukiwa na mawingu anatumia kitambaa kilicholowa maji ya moto, au anaazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, kama umeme upo. Anainua kona moja kwa ukucha au kipande cha plastiki kilichonolewa, hagusi kisu cha chuma, kisha anaikunja stika ijilalie yenyewe na kuivuta nyuma, polepole, karibu sambamba na bati. Ukiivuta juu wima inakatika. Ukiiharakisha inaacha gundi yote nyuma. Mvutano sahihi una sauti yake, mchakacho mwembamba usiokatika, na fundi aliyezoea anafanya huku anazungumza na mteja bila kutazama. Gundi inayobaki inalainishwa kwa mafuta ya taa na kufutwa. Thina ni ya mwisho, tena pale tu alipokwisha kuamua kwamba rangi ya chini nayo haina maisha, kwa kuwa thina haichagui kati ya gundi na rangi.

Sasa stika imetoka, na chini yake kuna stika nyingine. Hiyo ni kivuli. Jua limepausha boneti nzima mpaka wekundu umekuwa wa tofali, lakini pale herufi zilipofunika, wekundu wa kiwandani umebaki mbichi. Fundi anasimama pembeni, anatazama bati kwa mshazari mwanga ukipita juu yake, na kusoma. Wakati mwingine kivuli kinasema jambo ambalo stika haikusema: ubavuni pamebandikwa namba ya toleo jipya, na chini yake pametulia namba ya toleo la zamani. Kampuni ya Massey-Harris iliungana na ya Ferguson mwaka 1953, jina la Massey Ferguson likaanza mwaka 1958, na MF 135, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki waliipenda kuliko nyingi, ilitoka mwaka 1964. Kabla ya hizo Ferguson ndogo ilikuwa ya kijivu mwili mzima. Kwa hiyo kijivu kikijitokeza chini ya wekundu wa boneti, kuna swali la kuuliza: je, boneti hii ni ya trekta hili, au ilitoka kwa marehemu mwingine?

Kivuli kile kina faida nyingine ya mfukoni. Kipande chake cha ukubwa wa ukucha ndicho sampuli bora ya rangi. Mchanganya rangi dukani akipewa pale palipopauka atatengeneza rangi iliyozeeka. Akipewa pale palipokuwa chini ya stika atatengeneza ile waliyokusudia wenyewe kule kiwandani Coventry, Uingereza.

Ndipo anafungua kidirisha. Sehemu isiyoonekana sana, chini ya ukingo wa digadi, anasugua eneo dogo mpaka chuma kitokee, halafu anapanua kingo taratibu kwa msasa laini ili kila tabaka lijitenge na mwenzake. Unaona chuma katikati, kisha praima ya kahawia, nyekundu ya kwanza, kijani ya mwenye mali fulani, puti, buluu ya mwingine, na juu kabisa nyekundu ya brashi iliyopakwa upesi trekta lilipokuwa linauzwa. Kuyasoma matabaka hayo ni kujua kipi kinashika na kipi kimeachia. Na kuyaondoa kwataka mkono wa mama anayebangua korosho, anapofika kwenye ile ngozi nyembamba ya ndani: akiilegeza kwa utaratibu inatoka yenyewe na punje inabaki nzima, akiilazimisha anapata vipande, na vipande havina bei.

Zana ziko nyingi na kila moja ina tabia yake. Kikwanguo bapa, ambacho mara nyingi ni jani la msumeno lililonolewa na kufungwa mpira, kinaondoa magamba yaliyokwisha kuachia. Brashi ya waya inafaa kwenye chuma cha kusubu, ile miili minene ya gia na ekseli, ambako haina cha kuharibu. Msasa unapanda kwa namba: 80 wa kuvunja, 120 na 180 wa kufuta mikwaruzo ya 80, 320 wa kulainisha kingo. Kuruka namba ni kujidanganya, maana mkwaruzo wa 80 hauondoki kwa 320. Unazibwa tu, na utajitokeza chini ya rangi ikishakauka na kujibana.

Grainda ndiyo majaribu makubwa. Inamaliza kwa nusu saa kazi ya siku nzima, na vijana wanaipenda kwa kelele zake. Lakini bati la boneti ni jembamba. Diski ikikaa mahali pamoja linapata moto, linatanuka, na likipoa halirudi lilipokuwa. Linabaki na mawimbi, na mawimbi yanadai puti, na puti inaficha kazi mbaya kwa mwaka mmoja. Fundi ninayemheshimu anatumia grainda yenye brashi ya waya kwenye ringi na kwenye vyuma vinene, akifika kwenye boneti anaizima na kuchukua mkono. Kama huo si ufundi, sijui ufundi ni nini.

Zipo pia dawa. Kostiki soda, ileile wanayonunua watengenezaji wa sabuni ya mche, inamaliza rangi za mafuta kwa sababu inayageuza mafuta yaliyomo kuwa sabuni. Rangi inalegea na kusuguliwa kwa maji. Inaunguza ngozi na macho, na kwenye alumini haifai kabisa kwa kuwa inaila. Baada yake bati lioshwe maji mengi, kisha maji yenye siki, la sivyo chumvi yake itabaki kwenye mikunjo na kusukuma rangi mpya. Ipo na rimuva ya kopo, inayofanya rangi ivimbe na kukunjamana ndani ya dakika chache. Nyingi za zamani zilitegemea kemikali iitwayo dikloromethani, ambayo mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini chumbani, na mwilini hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Watu wamekufa wakikwangua mabafu kwayo vyumbani. Umoja wa Ulaya uliiondoa mikononi mwa watumiaji wa kawaida, na Marekani ikafuata mwaka 2019. Gereji zetu za chini ya mwembe zina baraka ya hewa, lakini baraka hiyo inaisha pale fundi anapoingia stoo na kopo kwa sababu jua kali.

Vumbi lenyewe nalo lina lake. Rangi za zamani za njano, machungwa na nyekundu mara nyingi zilitiwa risasi, na risasi haionekani wala hainuki. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa inaharibu ubongo unaokua. Ndiyo maana napenda kumwona fundi akipiga msasa wa maji kila inapowezekana, tope likishuka chini badala ya vumbi kupanda puani, na akikusanya magamba kwenye gunia badala ya kuyafagilia uwanjani kwenye kuku. Kuichoma rangi kwa moto ili ibanduke ni kuuvuta moshi wake. Kupuliza mchanga kwa kompresa bila kinga ni kuupa pafu kovu lisilopona. Na kabla ya kugusa ugali, mikono ioshwe kwa sabuni.

Sasa, jambo ambalo linatenganisha fundi na mbabaishaji ni kujua wapi pa kuacha. Wateja wengi hudhani kukwangua vizuri ni kukwangua kila kitu mpaka chuma kiwe kitupu. Sivyo. Rangi ya kwanza ya kiwandani, kama bado imeshika, ni msingi mzuri kuliko praima yoyote utakayonunua leo, kwa kuwa imekwisha kuvumilia mvua na jua miaka hamsini. Fundi anaijaribu kwa ukucha kwenye ukingo. Anabandika gundi ya karatasi, anaikandamiza, anaichomoa kwa ghafla na kutazama imeng'oka na nini. Isipong'oka na kitu, anaiacha, anaikwaruza juu juu tu ili rangi mpya ipate pa kushika. Palipo na malengelenge anafuata mpaka chuma, na anaendelea kidogo kupita pale kutu inapoonekana kuishia, kwa sababu chini ya rangi kutu huwa imetangulia.

Halafu anafumba macho. Anaweka kitambaa chembamba kati ya kiganja na bati, anapitisha mkono polepole kutoka chuma kitupu kwenda kwenye rangi ya zamani. Akihisi ngazi pale vinapokutana, bado. Jicho linadanganywa na tofauti ya rangi, ila kiganja hakijali rangi.

Wakati huo mwenye trekta kwa kawaida amechoka kungoja.

"Fundi, si uipige tu? Mvua hizo zinakuja."

"Mzee wangu, nikiipiga leo utanirudia Aprili. Nipe kesho moja."

"Kesho zako nazijua."

Na wote wawili wanasema kweli. Lakini siku chuma kinapokuwa kitupu mambo yanageuka, na sasa fundi ndiye mwenye haraka. Chuma kilichosafishwa asubuhi hakifai kulala nje na umande. Alfajiri kitakuwa na weusi na wekundu mwembamba wa kutu changa. Praima iingie siku ileile. Kwa hiyo hafungui chuma kingi kuliko anachoweza kukifunika kabla ya magharibi, na mpango huo wa siku, kipande kwa kipande, ndio unaowachosha wateja wasiouelewa.

Pawatila ni habari nyingine. Zilitapakaa vijijini baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, mabati yake ni mepesi, rangi yake ni nyembamba, na stika zimejaa kila pembe. Vijana wakaongeza za kwao. Kwenye tanki la mafuta utakuta Simba au Yanga, na ukiwa upande wa Ruangwa utakuta Namungo, hasa tangu timu ile ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Fundi akiuliza kama hiyo nayo itoke, kijana anageuka mkali: kwangua yote, hiyo iache. Basi inazungushiwa gundi ya karatasi kwa heshima zote, na rangi mpya inapita pembeni.

Kinachonikera ni bei. Gereji nyingi hutaja jumla moja, "rangi ya trekta", na mteja anapobana, kinachopunguzwa si lita za rangi, maana hizo zinahesabika. Zinapunguzwa siku za kukwangua. Mteja anaondoka akiamini ameshinda. Ukienda kupatana, taka bei ya kukwangua itajwe peke yake, na uilipe bila kuikata. Kisha mwombe fundi akupigie simu siku boneti ikiwa haina rangi wala praima, uache shughuli zako uende. Pitisha kiganja chako juu ya lile bati. Usipohisi ngazi popote, mwambie apige rangi.